Stelingi Haikuwa Imeharibika: Historia ya Usukani Mwepesi na Vile Tulitumia Elfu 57 Bure

Nianze na kukubali: mimi si fundi. Mimi ni kijana aliyeacha chuo mwaka wa pili, na kazi yangu ni kuongea na simu nikiwa peke yangu chumbani. Lakini kuna kitu kimoja kuhusu magari nimekijua kwa uchungu, nacho ni hiki: kwa nini usukani wa hizi gari ndogo tunazoziendesha hukuwa mzito ghafla, taa ya manjano inawaka, na fundi mzuri wa miaka 20 anaanza kubahatisha.

Watu watakuambia ni juu fundi wa mtaani hajasoma. Mimi nasema hapana, shida ni historia. Stelingi ilibadilika kabisa tukiwa tumeangalia kando, na hakuna mtu alikuja kutuambia. Wacha nieleze, halafu wewe ndiye utaamua.

Gari ya mzee

Mzee wangu alipopunguzwa kazini alichukua ile pesa kidogo waliyompa, akanunua gari ndogo iliyotumika kutoka Japani, akaingia biashara ya teksi za simu hapa Nairobi. Hiyo gari ndiyo ilikuwa inalipa nyumba, inalipa shule ya dada yangu, na inalipa karo yangu.

Msimu mmoja wa mvua akaanza kulalamika. Akitoka asubuhi, stelingi iko sawa. Akifika mjini, akitaka kuegesha, usukani unakuwa mzito kama wa trekta na taa inawaka kwa dashibodi. Anazima gari, anawasha tena, taa imepotea na stelingi imerudi. Halafu akasema kitu kingine, kama mtu anayejiongelesha tu: "Na hata taa za mbele hufifia nikikata kona." Hakuna aliyemsikiliza, hata mimi. Kumbuka hayo maneno, tutayarudia.

Fundi wa kwanza ni mtu tunamheshimu sana. Ametengeneza magari ya mtaa wetu tangu nikiwa mtoto wa kukimbiza tairi. Alifungua boneti akatafuta chupa ya mafuta ya stelingi. Akaangalia kulia, akaangalia kushoto, akawasha tochi ya simu.

"Mzee, chupa ya hii gari iko wapi?"

"Si wewe ndiye fundi?"

Chupa haikuwepo. Na haikuwa imeibiwa. Hiyo gari haikuwahi kuwa nayo. Sasa, ndio uelewe kwa nini fundi wa miaka 20 anaweza kutafuta kitu ambacho hakipo, lazima turudi nyuma karibu miaka 100.

Mafuta ndiyo yalikuwa mfalme

Gari za kwanza zilikuwa zinageuzwa na mabega ya dereva. Gari ndogo, sawa. Lakini lori lilipokuja, dereva akawa kama mtu anapigana mieleka. Marekani kulikuwa na mhandisi anaitwa Francis W. Davis, aliyefanya kazi kwa kampuni ya magari ya Pierce-Arrow upande wa malori. Aliona hayo mateso, akaacha kazi, akajifungia karakana yake mji wa Waltham, jimbo la Massachusetts. Kufikia mwaka 1926 alikuwa na gari ya Pierce-Arrow yenye usukani unaosaidiwa na mafuta yaliyo kwa presha. Akaipeleka Detroit kuonyesha wakubwa.

General Motors walipenda, wakakubaliana naye. Halafu uchumi wa dunia ukaanguka, na mwaka 1934 wakamwambia hii kitu ni ghali sana, tuachane. Hapo ndio huwa ninamuonea Davis huruma. Una kitu kinafanya kazi, kila mtu anakubali kinafanya kazi, na bado unaambiwa pesa hakuna. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia ufundi huo ulitumika kwa magari mazito ya kivita. Lakini mtu wa kawaida alingoja hadi 1951, Chrysler walipouza gari yao ya Imperial ikiwa na pawa stelingi. Yaani miaka 25 kutoka karakana hadi dukani.

Ile mashine ya Davis ndiyo fundi wetu alijifunza nayo. Kuna pampu inayozungushwa na mkanda wa injini. Pampu inasukuma mafuta, mafuta yanasukuma reki, reki inageuza tairi. Ikiwa na shida, inakuonyesha. Inavuja, unaona doa chini. Pampu ikichoka inalia, unasikia. Mafuta yakiungua yanakuwa meusi na yananuka. Yaani macho, masikio, pua na vidole vyako ndivyo vilikuwa skana.

Hapa Kenya hata hiyo tuliichelewa. Enzi za Peugeot 504, iliyokuwa mfalme wa barabara zetu miaka ya sabini na themanini, gari nyingi ziligeuzwa na mkono mtupu. Mlango wa magari yaliyotumika ulipofunguka miaka ya tisini mwanzoni, ndipo magari ya Japani yakajaa, na mafundi wetu wakajifunza pawa stelingi ya mafuta. Walijifunza bila kitabu na bila darasa, kwa kufungua na kufunga tu. Na waliijua kabisa, mtu asikudanganye.

Suzuki na gari isiyo na nguvu za kugawa

Sasa twende Japani, mwaka 1988. Wajapani wana magari madogo wanayoyaita kei, na wakati huo sheria yao ilikuwa injini isizidi sentimita 550 za ujazo. Hiyo ni injini ya kama pikipiki kubwa. Ukiifungia pampu ya mafuta, pampu inakula nguvu wakati wote, hata ukienda moja kwa moja bila kugusa usukani. Gari yenyewe haina nguvu za kugawa.

Suzuki wakashirikiana na kampuni ya Koyo Seiko, wakatoa pampu, wakatoa mafuta, wakatoa mkanda, wakaweka mota ya umeme kwa kolamu ya usukani. Gari iliitwa Cervo, na ndiyo ya kwanza kuuzwa na stelingi ya umeme. Mota inakula umeme wakati unakata kona tu. Ukienda moja kwa moja, imepumzika.

Wazo likaenea. Honda waliiweka kwa NSX mwaka 1990, gari ya michezo kabisa. Toyota wakaiweka kwa Prius ya 1997, na hapo ilikuwa lazima, juu gari ambayo injini yake huzima ikiwa barabarani haiwezi kutegemea pampu ya mkanda. Kufikia miaka ya elfu mbili, gari ndogo za Japani zikawa zinaacha mafuta moja baada ya nyingine. Mwaka 2003 Prius ilikuwa inaweza kujiegesha yenyewe Japani. Hiyo inawezekana juu mota ya umeme inaweza kuamriwa na kompyuta, sio lazima iguswe na mtu.

Ndani kuna nini? Usukani wako umeunganishwa na fimbo nyembamba ya chuma. Ukikata kona, ile fimbo inajipinda kidogo sana, huwezi kuona kwa macho. Sensa inapima huo msokoto, inaambia kompyuta ya stelingi: dereva anataka kulia, na anavuta hivi. Kompyuta inauliza gari inaenda kasi gani. Kama unaegesha, inaachilia umeme mwingi kwa mota. Kama uko kwa barabara kuu kwa kasi, inatoa kidogo ndio usukani usiwe mwepesi kama wa mchezo wa video. Haya yote hufanyika haraka kuliko kupepesa jicho.

Na kuna kitu cha kutuliza roho: kwa karibu gari zetu zote, chuma bado kimeunganishwa toka usukani hadi tairi. Mota ikikataa, gari bado inageuka. Inakuwa nzito tu. Ikikushika barabarani usishtuke na usizime injini gari ikiwa inaenda. Shika kwa mikono miwili, punguza mwendo, toka kando.

Lakini ona vile ugonjwa umebadilika. Hakuna doa chini, hakuna mlio, hakuna harufu. Kuna taa moja ya manjano na kimya. Fundi aliyefundishwa na masikio na pua yake, amenyang'anywa masikio na pua.

Hata wakubwa walipigwa chenga

Usidhani ni Nairobi pekee watu walihangaika. Mwaka 2010 General Motors waliita magari karibu milioni 1.3 yarudi gereji, mengi yakiwa Chevrolet Cobalt, juu stelingi ya umeme ilikuwa inaweza kukata msaada ghafla. Na mwaka 2014 wakaita mengine zaidi ya milioni kwa shida ya aina hiyo hiyo. Hao ni watu wenye maabara, wahandisi na mawakili.

Tofauti ni kwamba mwenye gari Marekani alipata barua nyumbani na akatengenezewa bure. Sisi sheria inaturuhusu kuingiza gari iliyotumika isiyozidi miaka 8. Kwa hivyo teknolojia inatufikia ikiwa imezeeka, dhamana imeisha, kitabu kimeandikwa Kijapani, na barua yoyote ya kuita gari inaenda kwa mtu aliyeinunua Japani ikiwa mpya. Sisi tunapata gari peke yake. Maarifa yake hubaki bandarini ya huko ilikotoka.

Elfu 57

Turudi kwa mzee. Fundi wa kwanza alipokosa chupa, alisema basi ni reki. Si ujinga huo. Kwa stelingi ya mafuta, usukani mzito unaokuja na kwenda unaweza kuwa reki kweli. Tukanunua reki ya kutumika, na kazi ikawa elfu 22 jumla. Siku ya tatu taa ikawaka.

Fundi wa pili alikuwa na skana ndogo ya bei rahisi, ile ya kuunganisha na simu. Akachomeka, simu ikasema hakuna kosa. Hapa wacha nifundishe kitu ambacho kingetuokoa. Makosa ya gari yana herufi. P ni injini na gia. B ni mwili wa gari. C ni chasisi, na stelingi na breki ziko hapo. U ni mawasiliano kati ya kompyuta. Skana nyingi za bei rahisi husoma P peke yake. Kwa hivyo ilisema ukweli: injini haina kosa. Hakuna aliyeiuliza kuhusu stelingi.

Akasema lazima ni mota. Tukanunua kolamu nzima ya kutumika, na mota yake na kompyuta yake, elfu 35. Hiyo pesa ilitoka kwa bahasha ya karo yangu ya semesta. Mzee aliniuliza kwanza. Akaniambia, "Gari ikisimama, hata semesta ijayo hakuna." Nikamwambia achukue.

Kolamu ikafungwa. Sasa taa haikuzima kabisa, na usukani ukawa unavuta kushoto polepole kama gari inataka kurudi nyumbani yenyewe. Mzee akaegesha. Gari ilikaa wiki tatu.

Sitaki mtu aseme niliacha chuo juu ya kolamu. Kulikuwa na mambo mengine, na mengine ni yangu mwenyewe. Lakini hiyo semesta haikulipwa, na nilichokuwa ninasoma ni uhandisi wa umeme. Cheka ukitaka, mimi nilishacheka.

Mita ya volti na msasa

Aliyetuokoa ni dada mmoja fundi wa umeme wa magari, rafiki ya binamu yangu. Hakufungua kitu. Aliketi kwa bonge la mawe kando ya gari akamwambia mzee: "Baba, niambie kila kitu, hata kile unaona hakina maana." Mzee akasema yote. Alipofika kwa taa za mbele kufifia, dada akainua mkono. "Hapo. Rudia hapo."

Skana yake ilisoma C. Kosa lililokuwa limehifadhiwa lilikuwa la umeme mdogo kufika kwa stelingi, pamoja na lingine jipya la sensa ambayo haijawekwa sifuri. Akapima betri injini ikiwa imezimwa: volti 12.6, nzuri. Injini ikiwaka: 14 na kitu, altaneta nzuri. Watu wengi wangeishia hapo. Yeye akaweka waya mmoja wa mita kwa tamino hasi ya betri, na mwingine kwa chuma tupu cha mwili wa gari, akaniambia niingie nikate usukani hadi karibu mwisho.

Kati ya hizo sehemu mbili mita inafaa kusoma karibu na sifuri, juu zimeunganishwa na waya mnene wa athi. Ilisoma volti 2 na zaidi. Maana yake ule waya ulikuwa umeoza. Mota ya stelingi ikiegesha gari inavuta umeme mwingi, makumi ya ampea. Umeme unapita kwa kutu, unapotea njiani, kompyuta inaona volti zimeanguka, inajikinga, inazima msaada. Ukizima na kuwasha, inajaribu tena na kusamehe. Na taa za mbele zilikuwa zinakunywa kwa kisima hicho hicho, ndio maana zilikuwa zinafifia.

Alifungua bolti moja chini ya betri. Asidi ilikuwa imekula tamino hadi ikawa unga wa kijani. Akasugua na msasa, akaweka waya mpya, akakaza. Halafu akanyoosha tairi, akatoa mikono kwa usukani, akaambia skana iweke sensa sifuri, juu kolamu mpya haiwezi kujua katikati ni wapi bila kuambiwa. Taa ikazima. Haijawaka tena.

Alitutoza 3,500, pamoja na waya.

Kabla hujanunua kolamu

Kwa hivyo, kutoka kwa familia iliyolipa, fuata huu mpangilio.

Uliza kwanza kama taa inawaka. Stelingi ikiwa nzito na taa haijawaka, angalia vitu vya chuma: presha ya tairi, joint ya kolamu iliyokauka, boljoint, tai rodi. Umeme hauna hatia hapo.

Kama taa inawaka, anza na umeme wa bei rahisi: betri, altaneta, tamino, fyuzi kubwa ya stelingi, waya wa athi. Pima kukiwa na kazi, mtu akikata usukani. Gari ikipumzika, mita itakudanganya.

Kama gari ilioshwa injini ama ilipita kwa maji mengi juzi, angalia soketi zenye unyevu.

Tumia skana inayosoma C. Na kufuta kosa sio kutengeneza. Liandike kwanza, ndipo ufute, uone lipi litarudi.

Ukikata usukani mwisho hadi mwisho mara nyingi ukiegesha, mota hupata joto na kompyuta hupunguza msaada makusudi. Ipumzishe kabla hujaita mtu.

Na kama ni lazima kolamu itoke, betri ifunguliwe kwanza na ingojewe dakika chache, juu ya mfuko wa hewa ulio kwa usukani. Ikirudi, sensa iwekwe sifuri. Fundi akikuambia hiyo haihitajiki, chukua funguo zako.

Nani anaficha kitabu?

Massachusetts, jimbo lile lile ambalo Davis alijifungia na mafuta yake, ndilo lilikuwa la kwanza Marekani kupitisha sheria ya haki ya kutengeneza magari. Mwaka 2012 wananchi walipiga kura kwamba kampuni za magari lazima ziuzie gereji yoyote maarifa yale yale ya kupima magari wanayopewa mawakala wao. Mwaka 2020 wakapiga kura tena kuiongezea nguvu, na ikapita kwa karibu robo tatu. Watu wa huko waligundua kwamba gari ikiwa kompyuta, mwenye kitabu ndiye mwenye gari.

Sisi tunaongea kila siku kuhusu ushuru wa magari na umri wa magari. Ni lini umesikia mtu akiuliza kuhusu kitabu? NITA inafanyia mafundi wetu mitihani ya gredi, sawa. Lakini yule fundi wa kwanza, mwenye mikono inayoweza kufunga injini usiku bila tochi, angehitaji wiki mbili tu za mita ya volti na herufi C ili asitafute chupa ambayo haipo. Kumuita mjinga ni rahisi, na hakugharimu kitu. Kumfundisha ndiko kunagharimu.

Nilimpelekea huyo fundi mita ya volti Desemba iliyopita. Nilimuonyesha kile dada alitufundisha, dakika kumi hivi, kwa gari ya mteja aliyekuwa hapo. Aliangalia zile namba akanyamaza kidogo. Halafu akasema, "Kwa hivyo taa za mzee ndizo zilikuwa zinasema."

Ndiyo. Zilikuwa zinasema tangu siku ya kwanza.